Mwamba wa zege hauzai mchanga

Kila bahari inapomega kipande kingine cha ufukwe, hakosekani mtu wa kupendekeza zege. Zamani lilikuwa zege la ukuta: unajenga pale pale ufukweni, halafu unajificha nyuma yake. Siku hizi pendekezo limepata sura mpya, na sikatai kwamba linavutia. Matofali na makuba ya zege yanazamishwa baharini, hatua kadhaa kutoka ufukweni, yavunje mawimbi kabla hayajafika. Humo humo samaki wapate maficho, matumbawe yapate pa kushika, na watalii wapate pa kuzamia. Hakuna ukuta unaoziba mandhari. Mwenye hoteli anaridhika, mfadhili anapata picha ya kuweka kwenye ripoti, na mazingira, tunaambiwa, yanafaidika.

Zege lina kazi zake baharini na nitazitaja. Lakini kama kinga ya ufukwe kwa pwani hii yetu ya Tanzania na Kenya, mwamba wa zege ulipaswa kuwa jambo la kufikiriwa mwisho. Unakoletwa sasa ni mwanzo, kabla hata hatujauliza mchanga umekwenda wapi.

Tuangalie kwanza mahali ambapo jambo hili lilifanywa kwa fedha za kutosha na likapimwa sawasawa. Kati ya mwaka 1992 na 1993, mji wa Palm Beach, Florida, ulizamisha vipande 330 vya zege mbele ya ufukwe wake. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 25 hivi, kimetengenezwa kwa mteremko ili wimbi likipanda livunjike. Vilifungamana kwenye mstari mmoja wa karibu mita 1,270. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Florida, akiwemo Robert Dean, mmoja wa magwiji wa uhandisi wa pwani wa zama zake, wakakaa na vipimo vyao wakifuatilia. Kimo cha mawimbi kilipungua kwa asilimia 10 hadi 15 tu. Hilo pekee lingevumilika. Kilichoshangaza ni ufukwe wenyewe, ule uliokuwa unalindwa: ulianza kuliwa kwa kasi iliyozidi mara mbili ya ile ya kabla ya mradi. Vipande navyo vikawa vinazama mchangani kwa uzito wake. Mwaka 1995 mji ukaamua kuving'oa, na zege lile lile likaenda kujenga kuta fupi zinazotoka ufukweni kuingia baharini.

Sababu yake si fumbo kwa mtu yeyote aliyewahi kupitisha ngarawa kwenye mlango wa mwamba maji yanapokupwa. Wimbi linaporuka mwamba linaingiza maji upande wa ndani. Maji hayo hayawezi kurudi kwa njia yaliyojia, kwa kuwa wimbi jingine liko njiani. Basi yanarundikana kati ya mwamba na ufukwe, yakishajaa yanatafuta pa kutokea, na njia iliyo wazi ni kukimbia sambamba na ufukwe mpaka mwisho wa mstari wa zege. Yakikimbia yanakokota mchanga. Palm Beach ilitaka kizuizi cha mawimbi, ikajikuta imechimba mto nyuma yake.

Ingekuwa ni ajali ya mji mmoja tungeiachia hapo. Lakini mwaka 2006 watafiti wawili, Roshanka Ranasinghe na Ian Turner, walipitia miundo kumi ya aina hii, yaani iliyozama chini ya maji na kujengwa kwa ajili ya kulinda fukwe, katika nchi mbalimbali. Saba kati ya hiyo kumi ilifuatiwa na mmomonyoko nyuma yake. Mtu akikuuzia dawa ambayo wagonjwa saba kati ya kumi walizidiwa baada ya kuimeza, utamuuliza maswali kabla hujafungua pochi.

Wauzaji wana mfano wao pia, na ni haki kuutaja. Katika Jamhuri ya Dominika, mbele ya hoteli moja ya pwani ya kusini karibu na Bayahibe, makuba 450 hivi ya zege yenye matundu yalipangwa kwa safu tatu mwaka 1998. Muda mfupi baadaye vikapita vimbunga vya Georges na Mitch, na ufukwe ukabaki mahali pake. Kazi ilikuwa nzuri. Hata hivyo, kabla mtu hajachukua picha za mradi ule kwenda nazo Kizimkazi au Diani, kuna jambo moja la kupima, nalo wala halihitaji maabara. Pale Karibi, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa haifiki nusu mita. Mgongo wa makuba yale uko karibu na uso wa bahari asubuhi, mchana na usiku.

Kwetu sivyo. Kuanzia Lamu mpaka Mtwara, bamvua ya kawaida, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupandisha bahari zaidi ya mita tatu kutoka ilipokupwa, na bamvua kali hukaribia mita nne. Ni miongoni mwa tofauti kubwa kabisa katika ukanda huu wa bahari, na maisha yote ya pwani yamejengwa juu yake. Akina mama wa Jambiani na Paje huvuna mwani wakati huo maji yanapokwenda mbali, na wavuvi wa madema huhesabu siku zao kwa mwezi.

Sasa chukua kuba la zege ulipange ili mgongo wake uwe sawa na maji ya kupwa ya bamvua, wasije wenye vyombo wakagonga wala watalii wakalalamika kwamba wanaona zege. Saa sita baadaye juu ya mgongo huo kuna mita tatu na zaidi za maji. Wimbi huvunjika linapofika kwenye kina kinachozidi kimo chake kidogo tu: wimbi la mita moja huvunjika kwenye kina cha mita moja na robo hivi. Likikuta mita tatu linapita juu ya zege lako bila hata kujua kama lipo. Na pwani hailiwi maji yakiwa yamekupwa, wakati mawimbi yanapiga huko nje. Pwani huliwa bamvua inapojaa na upepo ukiwa umeshika, maji yanapofika kwenye mizizi ya minazi na misingi ya nyumba. Saa ambayo kinga inahitajika ndiyo saa ambayo kinga iko chini kabisa.

Mtu atasema: basi ipandishe juu. Sawa, ipandishe. Lakini ukishapandisha mgongo mpaka uvunje mawimbi ya bamvua, utakuwa umejenga kizuizi cha bandari, chenye uzito wa kizuizi cha bandari na gharama ya kizuizi cha bandari, kinachoonekana na kila mgeni aliyelipia dirisha la kutazama bahari. Ule uzuri wote wa pendekezo umekwisha.

Msomaji makini atauliza mbona mwamba wa asili unafanya kazi na bamvua ni hiyo hiyo. Swali ni zuri. Jibu lake ni upana. Mwamba wa matumbawe unaopakana na pwani yetu si mstari wa matofali. Ni ukingo mkali kule nje, kisha tambarare ya mawe, matumbawe na majani ya bahari yenye upana wa mamia ya mita, mahali pengine zaidi ya kilomita. Wimbi likishavuka ukingo linakokotwa njia nzima, kila jiwe na kila kichaka vikilipunguzia nguvu. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2014, uliokusanya vipimo kutoka bahari mbalimbali, ulikuta miamba ya matumbawe inapunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97. Zege la upana wa mita tano halifui dafu hapo, hata likiitwa mwamba kwenye hati za mradi.

Halafu kuna ile ahadi ya faida mbili, ambayo kwangu ndiyo yenye kasoro kubwa kuliko zote. Tunaambiwa tofali lile lile litalinda ufukwe na kufuga samaki. Ila kazi hizo mbili hazikai mahali pamoja. Tofali la kuvunja mawimbi linatakiwa liwe kwenye maji ya kina kifupi, kwenye purukushani yenyewe, lipigwe mchana na usiku. Matumbawe machanga yaliyopandikizwa hayapendi kupigwa namna hiyo, na mchanga unaorushwa pale huyafukia. Tofali la kufugia samaki linapaswa kukaa chini zaidi, kwenye utulivu, mahali ambapo haliguswi na wimbi lolote. Ukiliweka kati na kati ili kupata vyote viwili, mara nyingi unakosa vyote viwili. Miradi ya kupanda matumbawe iliyopo kwetu, kama ile ya Mkwiro kwenye kisiwa cha Wasini, inafanywa kwa lengo la kurudisha mwamba na samaki. Anayechukua picha za kazi kama hizo na kuzibandika kwenye pendekezo la kuzuia mmomonyoko anachanganya mambo, na naogopa wengine wanayachanganya kwa makusudi.

Sasa mchanga wenyewe. Fukwe zetu zina mchanga wa namna mbili. Ule mweupe wa mashariki ya Unguja umetengenezwa baharini: ni matumbawe yaliyosagika, magamba ya konokono na chaza, na vipande vya mimea ya bahari yenye chokaa. Na msagaji mkuu tunamfahamu wote, maana tunamla. Nenda soko la samaki ukamwangalie pono mdomoni. Meno yake yameungana yakawa mfano wa mdomo wa kasuku, na kazi yake kutwa ni kukwangua mwamba akitafuta mwani mdogo unaoota juu ya mawe. Chokaa anayoimeza anaisaga kwa meno mengine yaliyo kooni na kuitoa kama mchanga. Watafiti waliopima kisiwa cha Vakkaru huko Maldives waliripoti mwaka 2015 kwamba zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya uliokuwa unatengenezwa pale ulitoka kwa pono. Kisiwa kizima kinasimama juu ya kinyesi cha samaki. Kwa hiyo tunapovua pono mpaka watoto wao kwa nyavu za macho madogo, na tulipouvunja mwamba kwa baruti kwa miongo kadhaa, na tulipochoma matumbawe tanurini kupata chokaa ya nyumba huko Mikindani na Mafia, tulikuwa tunafunga kiwanda cha mchanga. Zege, hata livunje mawimbi namna gani, halitengenezi hata ukucha mmoja wa mchanga.

Mchanga wa pili hutoka bara. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, ni mfano ambao umeandikwa sana na wataalamu wetu wenyewe. Ufukwe ule ulikuwa ukilishwa na mito midogo, Tegeta na Mbezi ikiwemo, iliyoshusha mchanga wakati wa masika. Kisha jiji likaanza kujengwa na mchanga ukageuka biashara: malori yakashuka mitoni, mito ikachimbwa, na ufukwe ukakosa chakula. Bahari ikaendelea na kazi yake ya siku zote. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, inasukuma mchanga kuelekea kaskazini; wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inarudisha sehemu, na kila mwaka hesabu inabaki na upungufu. Wenye hoteli wakajibu kwa kujenga kuta fupi za kunasa mchanga mbele yao. Wakanasa kweli. Wa upande wa pili wa ukuta wakakaukiwa, nao wakajenga zao.

Ndipo ninapofika kwenye hesabu ambayo sijaiona kwenye pendekezo lolote. Zege ni saruji, kokoto, maji na mchanga, na mchanga ni takriban theluthi ya uzito wake. Mradi wenye ukubwa kama ule wa Palm Beach, vipande 330 vya tani 25, ungemeza zaidi ya tani 2,700 za mchanga. Kwa tipa la tani 15 hizo ni safari 180. Ni kidogo mbele ya kinachomezwa na maghorofa ya Dar es Salaam, najua. Bado nauliza: mchanga huo utachotwa wapi? Ukichotwa mtoni ili kutengeneza tofali la kulinda ufukwe uliokauka kwa sababu mto ulichotwa mchanga, itabidi mhandisi afafanue kidogo.

Mambo mengine ya zege niyapitie haraka. Zege lenye nondo hupasuka baharini nondo zikipata kutu, kwa hiyo likitumika litumike bila chuma au kwa uangalifu mkubwa. Zege jipya ni kali kwa viumbe mpaka maji yalizoee. Na halikui. Kina cha bahari duniani kilikuwa kinapanda kwa wastani wa milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018. Mwamba ulio hai unaweza kujiongeza milimita kadhaa kwa mwaka na kuifuata bahari, ilhali tofali linabaki pale pale lilipoachwa, au chini kidogo kama mchanga umelimeza.

Hoja nzito dhidi yangu naifahamu: huo mwamba hai ninaousifia unakufa. Joto la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Bahari ya Hindi magharibi, likarudi 2016, likarudi tena 2024. Kwa nini tuweke fedha kwenye kiumbe anayechemshwa kila baada ya miaka kadhaa, wakati zege halijali joto? Hoja hii haijibiwi kwa kejeli. Ninachoweza kusema ni kwamba mwamba uliokufa hauondoki siku hiyo hiyo. Mifupa yake inaendelea kuvunja mawimbi kwa miaka, na kama pono na wenzake wapo wa kusafisha mawe, matumbawe mapya hupata pa kuota. Huo ni muda, na tunaununua kwa bei nafuu: uchambuzi ule wa 2014 uliweka gharama ya kati ya kizuizi cha mawimbi kwenye nchi za joto kuwa dola 19,791 kwa mita, na ya kukarabati mwamba wa matumbawe dola 1,290. Hata ukikarabati mara kadhaa baada ya joto kupita, bado hujafikia nusu.

Na hapo ndipo zege linapopata kazi yake halali. Kuna maeneo ya mwamba wetu ambayo baruti imeyageuza kuwa uwanja wa kifusi. Vipande vya matumbawe vinabiringika na kila mkondo, na mtoto wa tumbawe akitua juu yake anasagwa kabla hajashika. Maeneo hayo hayaponi yenyewe hata yakiachwa. Yanahitaji kitu kizito kisichotikisika. Komodo, Indonesia, walirundika mawe ya kawaida juu ya kifusi cha baruti mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baada ya zaidi ya muongo mmoja matumbawe hai yalikuwa yameota kwa wingi juu ya mawe hayo. Mawe yakikosekana, tofali la zege lisilo na nondo linafaa. Hapo zege ni msingi wa kupandia, na mwamba wenyewe unabaki kuwa kazi ya matumbawe.

Pia kuna mahali ambapo hakuna ujanja, lazima ukuta. Huwezi kuihamisha Gereza, ile ngome ya kale ya Kilwa Kisiwani. Magofu yale yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, bahari ikiwa miongoni mwa sababu, na yakatolewa 2014 baada ya kazi za uhifadhi na kinga. Fort Jesus nayo imejengewa ukuta wa mawe baharini, pamoja na manung'uniko yote yaliyosikika Mombasa. Huo ni ukuta unaojulikana kuwa ni ukuta, umewekwa kulinda kitu kisichohamishika. Sina ugomvi nao.

Bwawa la kuogelea la hoteli si Gereza ya Kilwa. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na sababu yake ni hii hii: ufukwe husogea, upewe nafasi ya kusogea. Ninachokihofia zaidi kuhusu mwamba wa zege ni namna utakavyotumika kama kisingizio. Aliyejenga ndani ya mita 60 atasema ameshajilinda. Anayetaka kujenga atasema atajilinda. Bahari ikimkatalia, bili itakwenda halmashauri.

Kwa hiyo likija ombi la kuzamisha zege, liwe mezani kwa wasimamizi wa mazingira, yaani NEMC ya Tanzania, NEMA ya Kenya au mamlaka ya Zanzibar, nisingeanza na michoro ya samaki. Ningetaka vipimo vya ufukwe vya kusi nzima na kaskazi nzima kabla ya mradi, maana picha ya wiki mbili haisemi kitu mahali ambapo mchanga unahama na pepo. Ningetaka kuambiwa mgongo wa mwamba utakuwa na maji ya kina gani juu yake bamvua ikijaa, kwa tarakimu. Ningetaka dhamana ya fedha za kung'oa kila tofali, iwekwe benki kabla la kwanza halijazama. Na kwenye kikao cha kibali ningetaka wakae watu wa upande ambao mchanga unaelekea. Mara nyingi ni kijiji chenye diko na vichanja vya kuanikia dagaa, kisicho na mshauri wa mazingira wala wakili. Wapewe vipimo hivyo mkononi, kwa Kiswahili, mwezi mzima kabla ya kikao, kwa sababu mchanga utakaobaki mbele ya hoteli ni ule uliokuwa njiani kwenda kwao.